Niko mwaka wa pili uhandisi ujenzi, sina mtu ofisini: koneksheni naijengaje?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Nasoma hapa Dar. Wenzangu wameshapata fildi kupitia baba au shangazi, mimi mzee wangu ni mkulima. Huko LinkedIn nimewaandikia wahandisi kibao "Shikamoo, naomba nafasi ya fildi". Kimya. Nianzie wapi?

Nondo_16:
Dogo, ujumbe kama huo napokea kila msimu wa fildi na sina cha kuujibu. Andika hivi: "Shikamoo mhandisi. Nasoma ujenzi, nimeona mnajiandaa kumwaga zege la msingi pale njia panda. Naomba nije siku hiyo nitazame mnavyopima slampu." (Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi.) Hapo hata nikiwa na haraka nitakwambia njoo saa moja. Vaa buti, usije na raba nyeupe.

Mama Ramani:
Mbona mnamkimbizia kwa wakubwa tu? Mwanangu, shikamana na waliokutangulia darasa. Aliye mwaka wa nne leo, mwakani yuko saiti, na bosi akitaka kijana wa kusaidia, yeye ndiye anayeulizwa. Halafu yule fundi wa maabara ya zege hapo chuoni, mnayempita bila salamu! Wakandarasi wanampelekea kyubu zao (vile vipande vya zege vya mchemraba vinavyovunjwa kupima nguvu), anawajua karibu wote.

Mzee wa Saiti:
Jiunge na IET, Taasisi ya Wahandisi Tanzania, wanafunzi wanapokelewa. Hudhuria na Siku ya Wahandisi ya ERB, bodi inayosajili wahandisi. Ukihitimu kuna SEAP, miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Huyo wa kukusimamia anza kumzoea sasa.

Kijiwe Huru:
Acheni kumdanganya kijana. Bongo bila mjomba huingii.

Nondo_16:
Wenye wajomba wapo mkuu, sibishi. Ila nimeshaona aliyeletwa na mjomba anashindwa kusoma mchoro wa nondo, fomani akaomba abadilishwe wiki hiyohiyo. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana aliyezoea kuja kutazama.

Mleta mada:
Asanteni sana. Mama, maabara niende muda gani?

Mama Ramani:
Asubuhi, kabla hawajaanza kuvunja kyubu. Mashine ikishawashwa hana muda na mtu. Na ukimkuta anabeba sampuli, msaidie kwanza, maswali baadaye.