Mjadala: Mpelelezi wa televisheni akigombea ubunge, faili zetu zinabaki kwa nani?

Bandugu wa Lubumbashi, na ninyi mnaotusoma kutoka Likasi na Kolwezi, naleta swali pamoja na msimamo wangu. Mwanahabari wa televisheni aliyejijengea jina kwa kufichua maovu ana haki ya kuingia siasa kama raia yeyote. Lakini akishavuka, asirudi tena kwenye upelelezi. Na kila faili ambayo haijatangazwa aiache kwenye chumba cha habari, chini ya ufunguo wa mtu mwingine.

Mfano ninaoupima ni wa Mohammed Ali wa nchini Kenya. Kipindi chake cha Jicho Pevu, KTN, kilikuwa cha Kiswahili, kwa hiyo hata huku Katanga, nchini Congo, mtu alikifuata bila kutafsiriwa. Alichunguza biashara ya dawa za kulevya, mahali ambapo wengi hawakuthubutu kugusa. Mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi kwenye duka kubwa la Westgate jijini Nairobi, yeye na mwandishi mwenzake John-Allan Namu walionyesha picha za kamera za usalama zilizowaonyesha wanajeshi wakibeba mifuko ya dukani, na mkuu wa polisi akawatishia kuwakamata. Wananchi wengi walisimama upande wa waandishi. Mwaka 2017 Ali aligombea ubunge wa Nyali, Mombasa, bila chama baada ya kukosana na chama cha ODM kwenye mchujo, akashinda. Mwaka 2022 akarudi bungeni kwa tiketi ya UDA, chama cha William Ruto. Namu alibaki kwenye uchunguzi, na Africa Uncensored, chombo cha habari alichoshiriki kukianzisha mwaka 2015, bado kinafanya kazi hiyo.

Simtuhumu Ali kwa lolote. Wasiwasi wangu ni wa wale wanaompa mpelelezi habari.

Fikirini mchimbaji mdogo wa Kipushi. Usiku anarekodi kwa simu magari yanayotoka na madini bila karatasi. Video anampa mwandishi kwa sababu mwandishi huyo hana chama. Uchaguzi unafika, na mwandishi yuleyule yumo kwenye orodha ya muungano ambao mfadhili wake ndiye mwenye magari. Video iko wapi? Namba ya mchimbaji iko kwenye simu ya nani? Mwandishi anaweza kuwa mtu safi kabisa, asiuze hata neno moja, na bado mchimbaji hatapata usingizi. Jirani yake aliyekuwa na ushahidi mwingine atanyamaza, na hatutajua kamwe alikuwa na nini.

Tunapenda kulaumu kupaji, ile bahasha anayopewa mwandishi mwisho wa mkutano. Ni mbaya, naikataa. Lakini kupaji inajionyesha: habari inatoka tamu kupita kiasi na mtazamaji anaelewa. Ndoto ya ubunge haijionyeshi. Inaanza kazi miaka kabla ya uchaguzi, ikichagua nani afichuliwe na nani aachwe kwa sababu kesho atahitajika.

Sisemi mwandishi asiwe na maisha yake. Akishangilia Mazembe au Lupopo ni haki yake, ingawa kwetu hata mpira haukai mbali na siasa: Mazembe ni ya mwanasiasa Moïse Katumbi, na Lupopo iliwahi kuongozwa na Jacques Kyabula alipokuwa gavana wa Haut-Katanga. Anachodaiwa mwandishi ni kusema wazi nani amemlipia tiketi ya kusafiri na timu, ana hisa wapi, na nyumbani kwake wanafanya biashara na nani.

Mwalimu wa Katuba: Ndugu, unaongea kama vile anayebaki kwenye televisheni yuko nje ya siasa. Televisheni ya Nyota ni ya nani? Ni ya Katumbi. Wakati wa Rais Kabila televisheni hiyo ilifungwa mwenye nayo alipogeuka mpinzani, na waliokosa mshahara ni wafanyakazi. Kwangu afadhali anayegombea kwa jina lake, uso wazi. Halafu kuna kinga ya kutokamatwa. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kwa sababu ya makala ya jarida la Jeune Afrique kuhusu kifo cha mwanasiasa wa upinzani Chérubin Okende, makala ambayo haikuwa hata na jina lake. Alitoka Machi 2024. Mbunge analindwa na ibara ya 107 ya Katiba. Mwandishi ana nini? Kadi ya UNPC, chama cha waandishi wa Congo.

Mama wa Kamalondo: Kwa faili nakubali, hizo si mali ya mtu mmoja. Ila kusema asirudi kamwe ni ukali. Akishindwa uchaguzi, watoto wake wale nini? Waandishi wetu tunawaona, mshahara hautoshi hata nauli ya mwezi.

Mwenye mada: Mwalimu, hoja ya wenye televisheni ni nzito, siwezi kuipita. Lakini mwenye Nyota anajulikana na mtaa mzima. Mtu mwenye habari mbaya za Katumbi hazipeleki huko, anajilinda mapema. Nia iliyofichwa moyoni mwa mpelelezi haimpi mtu nafasi hiyo ya kujilinda. Na ile kinga unayoisema inamfunika mbunge peke yake. Mchimbaji wa Kipushi haimfikii.

Mtazame Patrick Muyaya. Alikuwa mwanahabari, akawa mbunge mwaka 2011, na tangu 2021 ni waziri wa mawasiliano na msemaji wa serikali ya Congo. Umpende usimpende, leo hakuna anayempelekea siri akidhani bado ni mwandishi. Mpaka uko wazi. Ninayemwogopa ni yule wa katikati, anayegombea, anashindwa, na mwezi unaofuata yuko tena kwenye skrini akimfichua aliyemshinda. Hata akisema kweli tupu, nani atamwamini? Na aliyemshinda, hata kama kweli ni mwizi, atakuwa amepata jibu rahisi: huyu ana hasira za kura.

Mama, kwa heshima yako, sijasema afukuzwe kwenye televisheni. Asome taarifa, atangaze mpira, afundishe vijana kutumia kamera. Namnyima kitu kimoja tu: kukaa na mtu mwenye hofu na kumwambia “niamini.”

Sasa nawageukia ninyi mnaofanya kazi hii hapa Lubumbashi. Mkataba wenu unasema nini kuhusu picha na majina ambayo hayajatangazwa, siku mnapoacha kazi? Na kama hauna hata mstari mmoja, faili hizo usiku huu ziko wapi?