Naomba ushauri: maoni ya mashabiki yaingie wapi kwenye tamthilia ya kisayansi?

Wakuu, naombeni ushauri, hasa mliowahi kukaa chumba cha waandishi.

Msimu wa tamthilia yetu una vipindi 10. Mtayarishaji anataka maoni ya watazamaji yabadilishe hadithi huku msimu ukiendelea kurushwa. Napinga, kwanza kwa ratiba: kipindi cha 1 kikienda hewani, cha 8 kimeshapigwa picha na picha za vyombo vya angani ziko kwa mafundi wanaozitengeneza kwa kompyuta. Ukimfufua mhusika kipindi cha 9 kwa kuwa watu wamelia, na kipindi cha 4 ulishaonyesha kwamba mashine hairudishi wafu, umevunja kanuni ya dunia yako. Baada ya hapo nani ataogopa hatari yoyote?

Halafu hakimiliki. Babylon 5, tamthilia ya Marekani ya anga za juu, ilichelewesha kipindi kwa sababu shabiki alishataja hadharani wazo linalofanana. Ilibidi kwanza shabiki huyo atie saini kwamba hatadai haki ya wazo hilo.

Siwadharau mashabiki. Barua zao za mwaka 1968 ziliisaidia Star Trek, tamthilia nyingine ya anga za juu, kupata msimu wa 3, ila ziliomba iendelee tu, hazikupanga hadithi.

Nafikiria maoni yapitie kwa mtu mmoja asiye mwandishi. Aondoe mapendekezo yote ya hadithi, abakize malalamiko: walipotea dakika ya ngapi, mazungumzo gani hayasikiki, nani anachosha. Sauti na uhariri virekebishwe sasa, mengine yasubiri msimu wa 2.

Je, kuna mnaoacha kipindi cha mwisho makusudi bila kukipiga picha? Gharama ya kushikilia waigizaji na seti mnaibebaje? Na mhusika mdogo akipendwa ghafla, mnamwongezea nafasi kwa kumpunguzia nani?