MREJESHO: Nauli ya abiria kati ya nyota na nyota kwenye Traveller

Wakuu, niliuliza hapa nauli ipangweje na vyombo vipite mara ngapi kwenye kampeni yetu (hadithi tunayoicheza kwa mfululizo) ya Traveller, mchezo wa mezani wa kuigiza wasafiri wa anga za juu. Ahsanteni sana, tumeshacheza na hesabu zimekaa vizuri.

Tumebaki na bei za kanuni za zamani: daraja la juu kredi (pesa za mchezo) 10,000, la kati 8,000, na wanaosafirishwa wamegandishwa usingizini 1,000. Nauli inahesabiwa kwa kila mruko, yaani chombo kuruka toka nyota moja hadi nyingine, uwe wa paseki (kipimo cha umbali kati ya nyota) moja au mbili. Mruko wenyewe huchukua kama wiki nzima, na wiki nyingine bandarini, kwa hiyo chombo kimoja hufanya safari kama 25 kwa mwaka.

Aliyenishauri nipige hesabu upande wa nahodha, Mungu ambariki. Chombo cha biashara cha tani 200 kina vyumba 10. Wafanyakazi wanne wakichukua vyao, yanabaki mauzo ya vyumba sita: kredi 60,000 kwa safari vikijaa watu wa daraja la juu. Toa 20,000 za hewa na chakula. Rejesho la mkopo linazidi 150,000 kwa mwezi! Abiria peke yao hawalipi deni, lazima mzigo.

Kilichowagusa wachezaji ni wale wa 1,000. Kuamka salama kunataka jumla ya 5 au zaidi kwenye dadu mbili, maana yake bila daktari mmoja kati ya sita haamki. Sasa kwenye kila sayari maskini wachezaji wanatafuta daktari kwanza, ndipo wanauza tiketi.