Korkeji kuzidi bei ya chupa: mkahawa una haki ama tunaibiwa?

Wa Umoja
Wasee nisaidieni kabla sijagombana na mtu. Mama alifikisha miaka 60 wiki jana, tukamtoa Murang'a tukampeleka kula samaki mkahawa mmoja wa Westlands, tulikuwa watano. Nikabeba chupa moja ya Leleshwa nyeupe, hii ya zabibu za Naivasha, juu aliionja kwa harusi ya dadangu na ndiyo waini ya pekee nimewahi kumwona akimaliza glasi. Nilinunua 1,400 supamaketi. Weita akaifungua bila neno, akaleta glasi, tukala vizuri kabisa. Bili kufika, korkeji, yaani ile pesa ya kufunguliwa chupa umekuja nayo, 1,500. Yaani kufunguliwa chupa ni ghali kuliko chupa yenyewe! Na hapo chini bado kuna VAT 16%, levi ya utalii 2%, na sevisi 10%. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini hiyo elfu moja na mia tano ni ya nini, nikakosa la kumwambia. Sasa nauliza, si kuwe na sheria ya kulazimisha mkahawa uandike hiyo bei kwa menyu? Ama tukubali tu?

Weita Mstaafu
Nimehudumia meza miaka kumi na moja, Kilimani na mjini, wacha nikuambie. Chakula hakilipi kodi ya nyumba, kinywaji ndicho kinalipa. Samaki anaharibika, gesi inapanda, mpishi anaunguza, lakini chupa inakaa tu kwa shelfu ikikungoja na mkahawa unaiuza mara mbili, mara tatu ya bei ya duka. Ukija na yako umeondoa hiyo pesa kwa meza, na leseni ya pombe ya kaunti ishalipwa, glasi zinavunjika, na kuna mtu wa kuziosha na kuzipangusa. So korkeji yenyewe iko sawa, kosa lao ni kunyamaza. Mimi nilikuwa namwambia mteja bei kabla sijagusa chupa. Na ulichagua vizuri ndugu, nyeupe kali na samaki wa kukaanga, ule uchachu unakata mafuta kama ndimu. Watu wengi hapa Nairobi hawajali hayo, kama hawa wazee wa kuagiza bia ya Tusker moto, yaani haijaingia friji, na choma, ulimi ulishakufa zamani, ukiwapa chochote ni sawa tu.

Baba Njeri
Ulimi wa nani umekufa?? Kijana, mimi nakunywa moto tangu 1981 na nikifumba macho nitakuambia mbuzi amechinjwa leo ama jana. Wewe umebeba trei miaka kumi na moja na bado hujui kwa nini tunaagiza moto. Sasa skiza. Chukua mbavu za mbuzi, zile ziko na mafuta meupe pembeni, tafuna, halafu piga funda la bia imetoka kwa friji sai sai. Yale mafuta yanaganda papo hapo, yanashika kwa kaakaa kama nta ya mshumaa, unabaki ukikwangua na ulimi na kipande cha pili hukisikii tena, unatafuna tu. Ukinywa moto yanateremka nayo. Hiyo hatukusoma mahali, tuliijua kwa mdomo. Ndiyo maana mpaka leo ukikaa mezani swali la kwanza ni baridi ama moto, na weita mzuri anauliza bila kukukunjia uso.

Dada wa Pangani
Mzee kwa mafuta ya mbuzi nakubaliana na wewe, hata mimi yamenigandia. Lakini bia ikiwa moto gesi inatoka yote ukimimina, povu jaa glasi, na ile gesi ndiyo inasugua mdomo uko tayari kwa kipande kingine. Na hawa wa baridi kama barafu pia wanajidanganya, baridi kali inaua ladha, mtu anasema bia ni tamu kumbe amefungia ulimi tu. Toa kwa friji, iache mezani dakika kumi kachumbari ikikatwa, hapo ndipo.

Kijana wa Donholm
Historia iko upande wa Mzee. Tusker ni ya 1922, wakati huo nani alikuwa na friji? Moto ndiyo asili. Hata jina lilitoka kwa mwenyewe, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu.

Mkulima Mjini
Usichanganye watu. Ni ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda 1922 na mzigo wa kwanza ukapelekwa hoteli ya Stanley hapa mjini. George akauawa na ndovu 1923 akiwa kwa uwindaji, jina ndio likatoka hapo, juu tusker kwa Kizungu ni ndovu mwenye pembe. Na hao wa Stanley walikuwa walowezi, si babu yako. Mwafrika alikatazwa pombe ya chupa miaka mingi ya ukoloni, so hiyo asili unayoisema haikuwa yetu. Babu alikuwa na muratina, pombe yetu ya kienyeji, na muratina haijawahi kuwekwa kwa friji.

Baba Njeri
Umeona! Muratina ni moto.

Mkulima Mjini
Mzee, muratina ni asali na imechachuka kivyake, haina mambo na lager, hii bia ya kiwanda kama Tusker. Umechukua nusu ya nilichosema.

Mama Shiro
Swali la kijana mmelisahau kabisa. Lakini Weita Mstaafu kwanza nijibu kitu, kwa nini nyinyi mkileta orodha ya waini mnampa mwanaume? Mzee wangu hanywi, yeye ni mtu wa soda, mimi ndiye nakunywa na mara nyingi mimi ndiye nalipa. Mwezi uliopita nimeagiza nyekundu kavu na nyama ya ng'ombe, weita ananiambia mama hiyo ni kali nikuletee tamu? Hata hajaniuliza nakula nini. Nyekundu kavu ina ule ukakasi, kama chai ya rangi iliyochemka mpaka ikasahaulika jikoni, ukiinywa peke yake inakukaza ulimi, lakini nyama yenye mafuta inautuliza, vyote viwili vinakuwa vitamu zaidi. Mimi nilijua nataka nini. Na wewe Wa Umoja, ulimuuliza mama yako anataka kunywa nini ama ulimwamulia? Mama wa Murang'a, pengine alitaka chai tu.

Wa Umoja
Mama Shiro kwa heshima, mamangu usimwingize hapa kwa hiyo njia. Umelia weita alikuamulia tamu, sasa wewe unamwamulia mamangu chai. Alikunywa glasi mbili. Kichwa cha ile tilapia alikila mwenyewe, akafyonza macho, akapanga mifupa kando ya sahani kama anahesabu, halafu akaniambia hii kitu inafanya samaki asichoshe. Hayo ni maneno yake.

Mama Shiro
Hapo umenishika. Pole mwanangu. Mpe salamu zangu na heri ya miaka 60.

Kijana wa Donholm
Kwani nyekundu na samaki iko na shida gani? Mimi hunywa na omena na siumwi.

Dada wa Pangani
Si kuumwa, ni chuma. Wajapani walipima, nadhani 2009, wakaona waini nyekundu yenye chuma nyingi ndiyo inaleta ile shombo mdomoni ukila samaki. Na omena ni shombo tangu mwanzo, jaribu nyeupe uone.

Weita Mstaafu
Mama Shiro ni kweli, tulifundishwa orodha inaenda kwa anayeonekana atalipa, na macho yetu yalikuwa yanaenda kwa mwanaume. Nilifanya hivyo miaka yote na nilikosea. Wa Umoja, hiyo bei iandikwe kwa menyu, mimi naunga mkono kabisa, na kwa sasa piga simu kabla hujaenda, uliza korkeji ni ngapi na wanahesabu kwa chupa ama kwa meza. Mzee Baba Njeri, wewe sikukutukana, nilisema wengi.

Baba Njeri
Umesema ulimi ulishakufa. Imeandikwa hapo juu, soma. Mimi sitaki pole, nataka tuonje. Jumamosi saa tisa, Kenyatta Market, kilo mbili za mbavu, pilipili kando. Glasi mbili za baridi, mbili za moto, na mbili za huyu dada za dakika kumi. Watu wafungwe macho.

Wa Umoja
Nikuje na waini? Na kuna korkeji?

Dada wa Pangani
Njoo nayo, lakini nyekundu, hapo ni mbuzi. Kitambaa cha macho naleta mimi.

Weita Mstaafu
Nakuja. Lakini nitamimina mimi, na glasi zikae mezani watu wanywe kwa mrija bila kuzishika. Mzee akishika glasi tu atajua ni gani.

Baba Njeri
Mimina. Lakini nyama nachagua mimi.