Posti za mitandaoni zinajenga mtaa, au zinajaza picha tu?

Jembe la Nzuguni (mleta mada):
Wadau, mbukwenyi. Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua haijaanza, niliposti klipu ya sekunde 40. Mtaro wa mtaa wetu (siutaji) umeziba kwa chupa, pampasi na viroba vya mchanga wa wajenzi, na mtoto wa shule anauruka begi likiwa kichwani. Jumamosi yake wakaja watu 43 na machepe yao, na fundi mmoja akaleta toroli. Kabla ya hapo mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti wiki tatu mfululizo, tukatokea saba. Sasa kwa nini mitaa mingine Dodoma bado inabandika barua kwenye mlango wa ofisi? Watu wako kwenye simu, wafuatwe huko.
Nimalizie na lililonikaa rohoni: karibu wote walioshika chepe ni sisi tuliohamia na serikali. Wenyeji walikaa barazani wakitutazama.

Mjukuu wa Makulu:
Hilo la mwisho ungelimeza. Mama yangu ni mmoja wa hao wa barazani. Ana miaka 71 na magoti yanamuuma. Yeye ndiye aliyechemsha madumu mawili ya chai mliyokunywa. Kwenye klipu yako ya pili nimeiona chai, yeye sikumwona.

Kaka wa Ilazo:
Chai siyo mtaro, dada. Mleta mada kasema alichokiona. Tangu Dodoma iwe jiji 2017 ukipita asubuhi barabarani anayefagia mbele ya fremu yake ni mgeni.

Mjukuu wa Makulu:
Jiji ni Aprili 26, 2018, siku ya Muungano. 2017 ni mwaka iliovunjwa CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu. Mtu anayetuhukumu wenyeji walau ajue mji umekuwa jiji lini. Na huo mtaro, mama anasema pale palikuwa na njia ya maji tangu utoto wake. Mmejenga ukuta juu yake, maji yakakosa pa kupita, ndipo ukachimbwa mtaro mwembamba pembeni. Mnasafisha kosa lenu halafu mnatudai shukrani.

Jembe la Nzuguni:
Mimi sijajenga ukuta, nimepanga chumba na sebule. Na nimefanya kazi pale mpaka viganja vikachubuka. Kuniambia nimesafisha kosa langu umenionea.

Mzee wa Kondoa:
Vijana, punguzeni moto. Sisi Kondoa tuliona HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilipoanza 1973. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke eneo lililoharibika. Baba yangu aliswaga ng'ombe wake usiku huku analia, hilo nimeliona kwa macho. Majani yakarudi, miti ikarudi. Hapakuwa na simu wala klipu.

Fundi Bomba:
Shikamoo mzee. Lakini hiyo ilikuwa amri. Tunaongelea watu kuamka wenyewe.

Mzee wa Kondoa:
Marahaba. Mtu aliyeamriwa naye alibeba mawe, mwanangu. Usimfute.

Shamba Darasa:
Mfano wa kuamka wenyewe upo, nao uko mkoani humu humu. Kisiki Hai, ile njia ya kurudisha miti ya shirika la LEAD Foundation la Mpwapwa. Hakuna miche ya kununua. Shambani kuna kisiki kilichokatwa zamani, mizizi yake bado hai, kimetoa machipukizi kama kichaka. Unachagua machache yaliyonyooka, mengine unayakata kwa panga kali, unafunga kipande cha kitambaa ili mchunga mbuzi ajue huu una mwenyewe. Kitambaa chekundu kwenye shamba la jirani kilinishawishi mimi kuliko posti yoyote. Nilikiona kila siku nikienda kisimani. Mche wa kupiga nao picha hapa kwetu unakufa mwezi wa nane, maana mvua karibu yote ni Desemba hadi Aprili, na nani anamwagilia?

Kaka wa Ilazo:
Kwa hiyo tusiposti?

Shamba Darasa:
Nimesema wapi? Posti ile siku ya 60, mti ukiwa bado umesimama.

Fundi Bomba:
Mimi ndiye niliyeleta toroli. Nilikuja kwa sababu ya klipu, nakiri. Mwenyekiti simsikilizi tena tangu michango ya taa za mtaa ambayo hatukusomewa mapato wala matumizi. Kipaza sauti hakina kosa, watu wamechoka na anayekishika. Hata akifungua grupu kesho, nitalinyamazisha.

Jembe la Nzuguni:
Hapo umenigusa. Mimi nilitaja jina langu na nilikuwepo saa moja kamili. Labda ndicho walichokifuata.

Mjukuu wa Makulu:
Na wenye vitochi, simu ndogo zisizo na intaneti, je? Mama hakuiona klipu. Aliona watu wanachimba ndipo akabandika sufuria. Angeambiwa mapema angekuja kuwaonyesha maji yanakopita. Juzi mvua ya kwanza imepiga robo saa tu, mtaro umejaa tena hadi ukingoni. Mlitoa tope mkaliacha limelala kando, likarudi lote ndani.

Jembe la Nzuguni:
Nimepita jioni nimeliona. Ni kweli, tulikosa gari la kuzoa. Jumamosi hii nakuja na viroba. Mwambie mama naomba atuonyeshe hiyo njia ya zamani, nitamfuata kwa bajaji mlangoni.

Kaka wa Ilazo:
Lakini bado nasema wenyeji…

Mjukuu wa Makulu:
Wewe nyamaza kwanza. Jembe, mama atakuja. Ila lile neno la barazani bado hujaliondoa.