Namba ipi mgongoni mwa fulana za klabu ya hisabati: 2147483647, 142857 au 5040?

mwl_kipeo: Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya hisabati inachapisha fulana, na mgongoni tunataka namba moja kubwa tu, bila maneno. Zimebaki hizo tatu. Fundi anataka jibu Ijumaa. Naombeni ushauri.

Tarakimu: Mkuu, hujasema ni wanafunzi wa kidato gani, fulana ngapi, wala kama fundi anatoza kwa tarakimu. Tutakushaurije?

binti_wa_hesabu: Mimi 2147483647, hata bila hayo. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, na ni namba tasa. Mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo kwa mkono, likachapishwa 1772. Kutafuta vigawo kunaishia kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341, lakini hakujaribu kugawanya kwa kila namba iliyo chini ya hapo. Kigawo chochote cha namba ile, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kazi ikapungua hadi mara zisizozidi 372. Bila kalkuleta!

seva_imezima: Naunga mkono. Ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 za kompyuta (nafasi 32 za 0 au 1) zikitunza chanya na hasi. Mifumo ya kompyuta inayohesabu sekunde tangu 1/1/1970 kwa mtindo huo itafika ukomo tarehe 19/1/2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu.

mzee_wa_chaki: Msikimbilie. Mwaka juzi tulichapa hiyo hiyo, fulana 40, michango ya wazazi. Nilimwandikia fundi kwenye karatasi, mkono wangu, tarakimu kubwa kubwa. Akachapa 2147483674. Mbili za mwisho zimepinduka, na hakuna aliyeona, mimi nikiwemo. Tukazivaa hadi kwenye mashindano. Pale mtoto wa kidato cha kwanza, wa shule nyingine, akanijia taratibu: "Shikamoo mwalimu. Namba tasa inaishiaje na 4?" Nilikosa la kumjibu. Pesa haikurudi. Chukua 142857. Mara 2 ni 285714, mara 3 ni 428571, tarakimu zile zile zinazunguka hadi mara 6. Mara 7 ni 999999. Fundi akikosea, mwanafunzi yeyote anagundua kwa kuzidisha tu.

Tarakimu: Pole mwalimu, ila hilo ni kosa la kutohakiki, namba haina hatia. Na 5040 mbona mnairuka? Ina vigawo 60, inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Mwanafalsafa Plato aliitaka iwe idadi ya kaya za mji wake bora.

pwani_yetu: Mie hilo neno "tasa" ndilo linikeralo. Tasa ni asiyezaa, na hizi ndizo zizaazo nyingine zote! Hiyo 5040 yenu imezaliwa na 2, 3, 5 na 7 tu.

binti_wa_hesabu: Zenyewe hazigawanyiki, ndiyo maana.

pwani_yetu: Basi 1 nayo ni tasa?

binti_wa_hesabu: Hapana. Tasa ina vigawo viwili kamili, 1 ina kimoja.

mwl_kipeo: Asanteni sana. Ni kidato cha pili, fulana 35, fundi anatoza kwa rangi. Mzee wangu, hiyo 2147483674 uliwahi kuitafutia vigawo?

mzee_wa_chaki: Ndiyo naifanya sasa hivi. Nimegawanya kwa 2, nikagawanya kwa 7, imebaki 153391691. Imekataa 3, 5, 7 tena, 11 na 13. Naendelea na 17.