Kubadilisha herufi ndogo ziwe kubwa: kwa nini kutoa 32 kunaharibu majina?

chipukizi_kodi:

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada, natumia Python.

Nina faili lenye majina ya wanakozi, kila jina na mstari wake. Orodha ya kuchapisha inatakiwa itoke yote kwa herufi kubwa. Kuna na sehemu ya kutafuta: mtu akiandika jina kwa herufi ndogo, au akizichanganya, alipate vilevile. Tulifundishwa kwamba a ni 97 na A ni 65, yaani zimepishana kwa 32, nikaandika hivi:

```
def kubwa(neno):
    jibu = ""
    for h in neno:
        jibu += chr(ord(h) - 32)
    return jibu
```

"juma" inatoka JUMA safi kabisa. Lakini "Juma" inatoka *UMA, na "Ng'ang'a" inatoka .GANGA, ritifaa zote zimepotea. Nikaongeza sharti la kutoa 32 pale tu herufi inapokuwa kati ya a na z. Juma akapona, ila sasa José anatoka JOSé na Dvořák anatoka DVOřáK. Nikalegeza sharti ili herufi zenye alama nazo ziguswe: é ikawa É vizuri, lakini ř ikageuka Ĺ! Inakuwaje hesabu ileile ikubali kwa é na ikatae kwa ř?

Nimejaribu pia upper() yenyewe:

```
for jina in majina:
    jina.upper()
print(majina)
```

Majina yanabaki kama yalivyokuwa, na hakuna kosa lolote linaloonyeshwa. Tatizo liko wapi?

mstari_mmoja:

Hilo la mwisho ni jepesi. Kwenye Python stringi (mfuatano wa herufi) ikishaundwa haibadiliki. upper() haiigusi ile ya zamani, inakurudishia mpya, na wewe hukuipokea popote. Andika:

```
majina_makubwa = [j.upper() for j in majina]
```

Java na JavaScript zina tabia hiyohiyo. Ya ř nawaachia wengine.

fundi_herufi:

Chipukizi, umeuliza swali zuri, na ngoja nilijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu hiyo 32 inafundishwa kila mahali bila kuambiwa inaishia wapi.

Namba 97 na 65 zinatoka kwenye ASCII, jedwali la zamani linaloipa kila herufi namba yake. Toleo la kwanza la 1963 lilikuwa na herufi kubwa tu. Toleo la 1967 ndilo lililoweka herufi ndogo, na waliziweka kwa makusudi nafasi 32 mbele ya kubwa. Ziandike kwa biti, yaani kwa 0 na 1, uone: A ni 1000001, a ni 1100001. Zinatofautiana kwa biti moja tu. Ukiizima, herufi ndogo inakuwa kubwa, na kwa mashine za wakati ule huo ulikuwa mpango wa busara sana. Lakini mpango wenyewe unazihusu herufi 26 tu, a mpaka z, ndani ya jedwali lenye nafasi 128. Hauhusu kitu kingine chochote.

Sasa pitisha jina lako kwenye kitanzi chako, herufi moja moja. J kubwa ni 74, toa 32 unapata 42, na 42 ni nyota. Ritifaa ni 39, toa 32 unapata 7, ambayo siyo herufi kabisa, ni amri ya kale ya kupiga kengele ya mashine. Ndiyo maana imetoweka machoni, ila bado imo ndani ya stringi yako. Nafasi kati ya jina na jina ni 32, kwa hiyo inakuwa sifuri. Ukihifadhi hayo kwenye faili utakuja kusumbuka siku nyingine na vitu usivyoviona.

Tuje kwa é na ř. Herufi é ni 233 na É ni 201, tofauti 32. Hiyo ni kwa sababu Yunikodi, jedwali la leo la herufi za lugha zote, ilichukua nafasi zake 256 za kwanza kutoka jedwali la Latin-1, na waliopanga Latin-1 walifuata mwendo wa ASCII kwa herufi nyingi za Ulaya magharibi. Hata hapo kuna mashimo. Toa 32 kwenye alama ya kugawanya, ÷, unapata alama ya kuzidisha, ×. Toa 32 kwenye ÿ unapata ß, wakati kubwa yake halisi, Ÿ, iko mbali, kwenye 376. Kuvuka nafasi ya 256, mpangilio ni mwingine kabisa. Sehemu kubwa ya eneo hilo herufi zimepangwa jozi kwa jozi, kubwa kisha ndogo: Ř ni 344, ř ni 345. Tofauti ni 1. Wewe umetoa 32 kwenye 345 ukaangukia 313, na hapo ndipo anapokaa Ĺ. Hesabu yako haikukosea, jedwali ndilo limebadilika.

Kwa hiyo usitafute fomula. Haipo. Kubwa ya kila herufi imeandikwa kwenye jedwali la Yunikodi, na upper() ya Python inalisoma jedwali hilo. Hati zisizo na kubwa na ndogo, kama Kiarabu na Kichina, inaziacha zilivyo. Itumie, na hakikisha unafungua faili kwa `encoding="utf-8"`, maana ukisoma kwa usimbaji mwingine (namna nyingine ya kugeuza herufi kuwa baiti) é inaweza kuingia kama Ã© na hapo upper() haina la kukusaidia.

Nililotaka hasa kukwambia ni hili: usihifadhi majina yaliyokuzwa, yaani yaliyogeuzwa herufi kubwa, badala ya yale ya asili. Watu wengi huchukulia kwamba kubwa na ndogo ni kwenda na kurudi, ukitaka unarudisha. Siyo. Jaribu mwenyewe:

```
>>> "straße".upper()
'STRASSE'
>>> "straße".upper().lower()
'strasse'
```

Neno la herufi sita limekuwa la herufi saba, na ile ß hairudi tena. Kijerumani kina ẞ kubwa kwenye Yunikodi tangu 2008, na tangu 2017 inakubalika rasmi katika tahajia, lakini kanuni ya msingi ya Yunikodi ya kukuza ß imebaki SS. Kigiriki nacho kina sigma ndogo mbili, σ ya katikati ya neno na ς ya mwishoni, na zote mbili zikikuzwa zinakuwa Σ moja. Hata ﬁ, ile herufi pacha inayoingia ukinakili maandishi kutoka kwenye PDF, inakuwa FI, herufi mbili. Kama programu yako imetenga nafasi kumi na ikategemea kwamba jina la herufi kumi likikuzwa litabaki la herufi kumi, itakuja kukata jina la mtu. Jina la mtu ni mali yake. Lihifadhi alivyoliandika, likuze wakati wa kuchapisha tu.

Na kwa kutafuta usitumie upper() wala lower(). Kuna casefold(), ipo tangu Python 3.3, imetengenezwa kwa ajili ya kulinganisha. "STRASSE".casefold() na "straße".casefold() zinatoa kitu kimoja. Kuna jambo moja zaidi la kuunganisha nayo: é inaweza kuandikwa kama herufi moja, au kama e ikifuatwa na alama yake pembeni. Machoni hazitofautiani, kwa kompyuta ni stringi mbili tofauti. Basi zisawazishe kwanza:

```
import unicodedata

def ufunguo(s):
    return unicodedata.normalize("NFC", s.strip()).casefold()
```

Linganisha ufunguo wa kilichoandikwa na ufunguo wa jina. Ufunguo huo usimwonyeshe mtu yeyote, kazi yake ni kutafutia.

kurasa_na_fomu:

Naongeza kidogo kwa upande wa tovuti. Kama orodha inaonyeshwa kwenye kivinjari, huhitaji hata kugusa data: `text-transform: uppercase` kwenye CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa) inakuza herufi kwa mwonekano tu. Lakini angalizo, ukiiweka kwenye kisanduku cha kujazia, mtumiaji anaona JUMA wakati kinachotumwa ni "juma" kama alivyoandika. Nimeona timu ikihangaika kutwa nzima na nambari za kuponi zilizokataliwa, skrini inaonyesha herufi kubwa, hifadhidata inapokea ndogo. Ukaguzi ufanyike upande wa seva pia.

biti_kwa_biti:

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na lugha nyingine, mambo hayako sawa kote.

Kwenye C, toupper() inapokea thamani ya baiti moja. Kwenye UTF-8 é ni baiti mbili, C3 na A9, kwa hiyo ukiipitisha baiti kwa baiti hutapata É. Tena char (aina ya baiti moja kwenye C) ikiwa na ishara, yaani inakubali namba hasi, baiti kama hizo zinaingia kama namba hasi, na kiwango cha C hakitoi dhamana yoyote hapo. Igeuze kwanza iwe unsigned char.

Kwenye PHP, strtoupper() kuanzia toleo la 8.2 inagusa a mpaka z tu. Kwa majina tumia mb_strtoupper().

Kwenye Java ndiko kwenye mtego mkubwa. toUpperCase() bila kuambiwa kitu hufuata lugha ya mashine. Kituruki kina i mbili: yenye nukta, ambayo kubwa yake ni İ, na isiyo na nukta, ı, ambayo kubwa yake ni I. Kwa hiyo "file".toUpperCase() kwenye mashine ya Kituruki inatoa FİLE, na ulinganishi wako na "FILE" unashindwa. Kwako programu inafanya kazi, kwa mteja inakufa, na ujumbe wa kosa hausemi sababu. Kwa maneno ya ndani ya programu, kama amri na majina ya safu, andika toUpperCase(Locale.ROOT), isiyofuata lugha ya mashine.

fundi_herufi:

Asante sana biti_kwa_biti, hiyo ya Kituruki nilikuwa naifikiria. Python imechukua njia nyingine: upper() haijali lugha ya mashine. Faida yake ni kwamba matokeo ni yaleyale kila mahali. Hasara ni kwamba jina la Kituruki lenye i litatoka na I isiyo na nukta, na mwenye jina ataliona limekosewa. Ukijua kwa hakika kwamba maandishi ni ya Kituruki, fanya `s.replace("i", "İ").upper()`. Usilifanye hilo kwa orodha yenye majina ya lugha mchanganyiko.

chipukizi_kodi:

Asanteni sana wakuu. Nimefuta ile fankisheni yangu yote. Sasa faili linabaki lilivyo, nakuza wakati wa kuchapisha, na natafuta kwa ufunguo. Dvořák anatoka DVOŘÁK.

Mawili yamebaki. Kwanza, kwenye vyeti tunataka herufi ya mwanzo tu ndiyo iwe kubwa. Nimetumia title(), nikapata Ng'Ang'A. Pili, mtu akitafuta "jose" bila alama hampati José.

mstari_mmoja:

title() inahesabu kila herufi inayofuata kitu kisicho herufi kuwa mwanzo wa neno, na ritifaa kwake ni kitu kisicho herufi. Jaribu `string.capwords("ng'ang'a")`. Hiyo hukata kwenye nafasi tu, utapata Ng'ang'a.

fundi_herufi:

Ni kweli, capwords itamwokoa Ng'ang'a, lakini itamwumiza McDonald, maana herufi zinazofuata ya kwanza hushushwa: utapata Mcdonald. Na "de la Cruz" itakuwa "De La Cruz". Hakuna kanuni itakayojua kila familia inaandikaje jina lake. Kwa vyeti chapisha lile lililomo kwenye faili. Kama wengine wamejaza kwa herufi ndogo tupu, tumia `if jina.islower()` uwapate hao tu, wapitishe kwenye capwords, kisha watumie wenyewe wathibitishe kabla ya cheti kutoka.

Kwa "jose", tenganisha herufi na alama zake kisha uzitupe alama:

```
def ufunguo_mlegevu(s):
    s = unicodedata.normalize("NFD", s.strip().casefold())
    return "".join(h for h in s if not unicodedata.combining(h))
```

Ujue tu kwamba ø na ł hazitenganishwi kwa njia hiyo, kwenye Yunikodi kila moja ni herufi kamili isiyo na sehemu. Ukiwa na majina ya namna hiyo itabidi uongeze jedwali dogo la mkono: ø iwe o, ł iwe l. Tafuta kwanza kwa ufunguo wa kawaida, na ukikosa ndipo utumie mlegevu, ili aliyeandika jina kwa usahihi alione jina hilo juu ya orodha.

chipukizi_kodi:

Imekubali. "jose" inamleta José. Kwa islower() nimewapata waliojaza kwa ndogo tupu na nimeshawaandikia. Nimeongeza pia jaribio lenye Ng'ang'a, Dvořák, straße na McDonald, liwe linaendeshwa kila ninapogusa kodi.